Dadu Nyuma ya Kadibodi

Mpe moja akupe kumi, na ile moja yako akurudishie: nani huyo? Mashine ya kopi. Na ikifika mwisho wa mwezi, watu wote wa mjini hukumbuka siku ileile kwamba wana karatasi za kutoa kopi. Basi lile duka dogo karibu na posta lilikuwa limefurika mpaka barazani, feni inazunguka bila kuleta upepo, wino unanuka, na kila mtu anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia.

Katikati ya msongamano huo alisimama msichana mmoja mwenye gauni la samawati lililomkaa vizuri kiunoni, na juu yake kizibao cha njano cha kung'aa. Kizibao kilikuwa na vumbi mgongoni, kwa sababu alikuwa ametoka kulala chini ya gari. Kazi yake ilikuwa kukagua magari yaliyogongwa, kwa niaba ya watu wa bima. Anatazama bati lilivyokunjamana, anakwambia limegongwa na nini, upande gani, na mwenye gari ameongeza chumvi kiasi gani. Mji mzima ulimwita Mkaguzi, hata shangazi yake aliyemlea.

Mwenye duka akainua karatasi zilizotoka mashineni.

"Nani mwenye shoka?"

Foleni nzima ikageuka kutazama nyuma.

"Nasema nani mwenye shoka? Shoka la mikono miwili, linakula pumzi nane. Panga fupi, pumzi nne. Mkuki, pumzi tano, na unaweza kumchoma mtu aliyejificha nyuma ya mwenzake. Za nani hizi?"

Watu wakasogeleana. Mama mmoja akakumbatia mkoba wake kama mtoto mchanga.

"Zangu," ikasema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa kijana mrefu, mabega yameinama kidogo kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa. Shati lake lilizaliwa jeupe, lakini sasa lilikuwa na madoa ya kila rangi uijuayo. Ndiye mchoraji wa mabango ya maduka, na watu walimwita Mabango.

Mkaguzi akamgeukia. "Kaka, unapanga kumuua nani?"

"Simuui mtu, dada. Ni mchezo."

"Kumchoma mtu aliyejificha nyuma ya mwenzake ni mchezo?"

"Wa mezani. Watu wanakaa, kila mmoja anaigiza shujaa wake. Kila shujaa ana pumzi zake kumi na mbili. Silaha inakula pumzi, deraya, yaani vazi la vita, inazuia sehemu ya pigo. Dadu ndiyo inaamua."

Mkaguzi akachungulia karatasi. Jicho la kazini halilali. "Hapa umeandika deraya ya chuma inazuia sita. Na panga fupi linakula nne. Kwa hiyo nikivaa chuma, wewe unanikatakata, mimi nakunywa chai?"

Mabango akaisoma tena karatasi. "Ee... unakunywa chai."

"Mpaka lini?"

"Mpaka... mpaka chai iishe."

Duka zima likaangua kicheko. Mtu mwingine angekasirika. Mabango alicheka kuliko wote, akajipiga kipaji cha uso, akabaki na doa jipya la rangi.

"Dada, naomba namba yako ya simu."

"Mara hii?"

"Usinielewe vibaya. Natafuta mtu wa kuharibu kanuni zangu."

"Mimi huletewa vilivyokwisha kuharibika."

"Basi umefika."

Namba alipewa. Kwa nini alipewa, Mkaguzi mwenyewe hakuelewa. Alijiuliza njia nzima ya kurudi ofisini, na alipofika alikuta ameacha kopi zake palepale dukani.

*

Mchezo ulichezewa chumba cha nyuma cha karakana ya Mabango, penye harufu ya rangi na tapentaini, meza ikiwa ni bango kubwa la zamani lililolazwa juu ya madebe. Ukiweka kikombe chako, unakiweka juu ya jino la mtu anayetabasamu, kwa maana lilikuwa bango la daktari wa meno. Mchezaji wa tatu alikuwa Kinyozi, rafiki wa Mabango tangu shule, mtu mfupi mwenye maneno marefu.

Sasa sikilizeni jinsi ya kucheza, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mmoja huwa msimulizi. Yeye ndiye anayewaambia wenzake: mmefika kwenye lango, mlinzi anatoka na shoka. Wachezaji hurusha dadu zao mezani, kila mtu aone. Lakini msimulizi hujiwekea kadibodi iliyokunjwa mbele yake kama ukuta, na dadu za maadui huzirushia nyuma yake, ili watu wasijue kinachokuja. Akisema amekupata, amekupata. Akisema amekukosa, amekukosa. Unamwamini.

Mkaguzi alichagua mkuki, na deraya ya ngozi.

"Kwa nini usichukue chuma, shemeji?" akauliza Kinyozi.

"Shemeji ya nani? Chuma kizito. Ninambeba, naye anabeba roho yangu, na tukivuka mto ataniua: nani huyo?"

"Mke wangu," akasema Kinyozi.

"Deraya ya chuma, mjinga wewe. Nipe ngozi."

Vita vya kwanza vikaanza. Mlinzi wa lango akainua shoka. Mabango akarusha dadu nyuma ya kadibodi, akaangalia. Ilikuwa sita. Akarusha ya pili. Sita tena. Kwa kanuni alizoandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, sita mbili ni pigo la kufisha, halizuiliki na ngozi: Mkaguzi alikuwa amekufa.

Akainua macho. Msichana alikuwa ameegemea mbele, vidole amevifumbata chini ya kidevu, hereni zinacheza, amesahau kabisa kwamba yupo karakana. Mabango akawaza: akifa sasa hivi, atachukua mkoba wake, atasema ahsante, na sitamwona tena.

"Amekukosa," akasema.

"Yes!" Mkaguzi akapiga bango ngumi, chai ikamwagika kwenye meno ya daktari.

Ndivyo uongo ulivyoingia. Haukubisha hodi, ulikuta mlango wazi.

*

Mapenzi nayo yakaingia kwa mlango uleule. Jumamosi zikawa za mchezo, na siku nyingine zikawa za kuizungumzia Jumamosi.

"Haloo, muuaji wangu," Mkaguzi alisema kila akipokea simu.

"Haloo, mpenzi usiyekufa."

"Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Hiyo haishibishi. Kula chakula. Halafu niambie, yule joka wa jana alinikosa vipi? Nilikuwa mbele yake kabisa!"

"Una akili ya vita, kipenzi. Umezaliwa nayo."

Mkaguzi alitabasamu peke yake chini ya gari la mtu. Kazini aliwasimulia wenzake: Jumamosi niliua watatu peke yangu, kwa mkuki tu. Maishani mwake alikuwa mtu wa kuangalia vilivyovunjwa na wengine. Kuwa shujaa lilikuwa jambo jipya, lilimfanya atembee wima. Alishona hata gauni jekundu la mikono mirefu kwa ajili ya Jumamosi, na Mabango alipomwona nalo mara ya kwanza alichora herufi mbili za bango la duka la dawa kichwa chini miguu juu.

Lakini Kinyozi si kipofu. "Hii ngozi ina nguvu mno," akalalamika. "Mimi nimevaa chuma cha kilo ishirini, nakufa kila wiki. Shemeji amevaa mkoba tu, hapigwi!"

Mabango angefanyaje? Aseme, si ngozi, ni mimi? Akachukua kalamu, akaipunguza ngozi nguvu mbele yao: badala ya kuzuia pumzi tatu, izuie mbili. Wiki iliyofuata Mkaguzi hakufa tena, maana nyuma ya kadibodi kulikuwa na moyo uleule. Kinyozi akalalamika tena. Ngozi ikazuia moja. Na kwa kuwa silaha zote na deraya zote hupimwa kwa kulinganishwa, alipoishusha ngozi ikabidi abadili chuma pia, na ngao, na shoka, na kila kitu. Ikafika mahali Mabango akikaa na kanuni zake anazitazama kama mtu aliyeamka chumba cha watu. Hii nambari niliiandika kwa nini? Hii inafanya kazi kweli, au inafanya kazi kwa sababu mimi nasema uongo? Hakujua tena. Alijua kitu kimoja tu, kwamba akimwambia ukweli sasa, ule wima wa Mkaguzi utakunjamana, na atakayekuwa ameukunja ni yeye.

Akanyamaza. Nilikifunika kwa upendo, nikakifunua kimechacha: nini? Ni chakula cha moto kwenye sufuria. Na maneno mengine pia.

*

Mjini palikuwa na mwanamke mwenye kiwanda kidogo cha kutengeneza karata na ubao wa drafti. Walimwita Mama Karata. Kinyozi alikuwa akimnyoa mwanawe, basi kwa maneno yake marefu akamshawishi aje auone mchezo. Akiupenda, atauchapa na kuuweka madukani. Mabango alikuwa ameingoja siku hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi anayechora pembeni mwa vitabu badala ya kusikiliza somo.

Mama Karata alikuja na kitambaa cha kijani kichwani, miwani shingoni, na mikono ya mtu aliyechanganya karata tangu utotoni. Akakaa mbele ya jino la pembeni la bango.

"Mimi nitacheza," akasema. "Mchezo hauonwi, unachezwa. Nivae nini, binti yangu?"

Mkaguzi, ndani ya gauni jekundu, akajibu bila kufikiri mara mbili: "Vaa ngozi, mama. Mimi nimeivaa tangu mwanzo, haijaniangusha hata siku moja. Niamini."

Mabango akajifanya hakusikia. Akakunja kadibodi yake, akaisimamisha.

"Hiyo nini?" akauliza Mama Karata.

"Ya kuficha dadu za maadui, mama."

"Kwangu dadu hurushwa peupe. Iondoe."

Akaiondoa. Mlinzi wa lango akatoka na shoka. Dadu ikabingirika juu ya tabasamu la daktari wa meno, mbele ya macho manane. Mama Karata akafa kwa mapigo mawili. Mkaguzi akaruka mbele na mkuki wake kumtetea, kama alivyozoea, akafa kwa mawili mengine. Kinyozi akajaribu kukimbia, akafa mgongoni. Chai ilikuwa bado ina moshi.

"Imekwisha?" akauliza Mama Karata.

"Tu... turudie, mama," Mabango akasema.

Wakarudia. Wakafa tena, safari hii wote kwa pamoja.

Mama Karata akavaa miwani, akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa mtu mbaya. "Wanangu, huu si mchezo, huu ni msiba. Na wewe binti, uliniambia nikuamini." Akasimama, akakifunga kitambaa chake vizuri. "Mkishajua wenyewe mnacheza nini, niiteni."

Mkaguzi alibaki ameshika mkuki wake, yaani penseli, hajui aiweke wapi.

*

Simu iliita kabla Mabango hajaosha vikombe.

"Ulibadilisha kanuni?"

"Nani, mimi? Sikubadilisha kitu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi kwanza. Jumamosi iliyopita sikufa. Leo nimekufa mara mbili kabla chai haijapoa. Ngozi ni ileile?"

"Ileile."

"Mkuki?"

"Uleule."

"Basi mimi ndiye niliyebadilika? Mimi ndiye niliyemwongopea yule mama?"

"Sikusema hivyo! Dadu tu, mpenzi. Bahati."

"Bahati. Ulibadilisha usiku, ili nionekane mpuuzi mbele ya watu?"

"Kwa nini nifanye hivyo?"

"Ndilo ninalokuuliza!"

Simu ikakatika. Mabango akadhani amekasirika kwa sababu amekufa, akaona ni heri alivyomlinda siku zote. Mkaguzi akadhani amegeukwa. Wote wawili walikuwa wameshika mkia wa ng'ombe tofauti, na kila mmoja anamvuta wa kwake.

Nyumbani, Mkaguzi alitandika karatasi za kanuni juu ya meza ya jikoni. Shangazi yake alikuwa anakunja nguo zilizokauka.

"Shangazi, acha hizo. Nataka uniue."

"Kwa kosa gani?"

"Shika dadu. Wewe ni mlinzi wa lango."

Shangazi akarusha dadu kwenye sahani ya bati. Ikalia kling. Mkaguzi akafa. Wakarudia, akafa. Akabadili mkuki, akachukua panga, akafa polepole kidogo. Shangazi akaanza kunogewa.

"Kumbe mimi ni hodari! Rudi tena, nikupige tena."

"Sielewi, shangazi. Kanuni ni hizihizi, na hata ngozi nikiirudishia nguvu yake ya mwanzo nakufa. Ningekuwa nimekufa tangu siku ya kwanza. Ningekuwa nimekufa kila Jumamosi! Mbona sikufa?"

Shangazi akakunja shuka, pembe kwa pembe. "Huyo kijana wako yeye hurushia wapi dadu zake?"

"Nyuma ya kadi..."

Hakumaliza. Alikaa akatazama ile sahani, kama anavyotazama gari ambalo mwenyewe anasema limegongwa na mti, na rangi iliyobaki kwenye bati ni ya ukuta.

*

Kesho yake mchana alimkuta Mabango juu ya ngazi, anachora ng'ombe wa duka la nyama.

"Shuka."

"Mpenzi, nimalizie pembe..."

"Shuka."

Akashuka, brashi mkononi.

"Siku ya kwanza. Mlinzi wa lango. Dadu ilisema nini?"

Mabango akatazama ng'ombe, ng'ombe hakumsaidia. "Sita. Na sita."

"Na yule joka?"

"Alikupata."

"Na wale watatu niliowaua peke yangu?"

"Mmoja ulimuua kweli," akasema haraka. "Yule mfupi. Yule ulimuua vizuri kabisa."

Mkaguzi akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mmoja. Mfupi. Na mimi natembea mjini kichwa juu."

"Nilikupenda. Niliogopa ungeondoka."

"Kwa hiyo ukaniweka pale mezani kama mtoto anayeshikishwa usukani na baba yake, anadhani anaendesha. Na ukaharibu kanuni zako mwenyewe ili uongo ukae sawa. Na mimi nikamwambia mama wa watu, niamini."

"Nilikukinga."

"Hukunikinga, ulinificha. Uliposema nina akili ya vita, ulikuwa unaona dadu zinasema nimekufa. Sasa ukiniambia mimi mzuri, nijue vipi umeona nini nyuma ya kadibodi?"

Mabango alikuwa amefikiri mapenzi ni kumwondolea mtu mapigo, na sasa mtu mwenyewe amesimama mbele yake amepigwa kuliko siku zote. Alichanganyikiwa kiasi kwamba alimpa brashi. Mkaguzi akaipokea, naye hajui kwa nini, akaenda nayo mpaka njia panda ndipo akaona vidole vyake vyekundu.

Simu zikanyamaza. Mkaguzi alikagua magari kwa ukali mpaka madereva wakamkimbia. Usiku alijiuliza: ananipenda, au hanipendi? Kama hanipendi, mbona aliharibu kazi ya maisha yake kwa ajili yangu? Kama ananipenda, mbona haniamini kwamba naweza kuvumilia hata kufa kwenye karatasi? Kila akivuta uzi mmoja, mwingine unakaza.

Na Mabango? Alitupa kadibodi kwenye pipa la takataka, akaanza upya. Kila jioni yeye na Kinyozi, dadu mezani, peupe. Kinyozi alikufa na shoka, akafa na panga, akafa na kisu cha kumenyea matunda. Hatimaye Mabango akaacha kuifanya deraya kuwa ukuta. Akaipa pumzi zake yenyewe. Pigo likija, mchezaji anachagua: deraya ilipokee, ipasuke, au mwili ulipokee. Na deraya ikipasuka, imepasuka. Sasa vita vikawa na maamuzi, na Kinyozi akaanza kufa kwa makosa yake mwenyewe badala ya makosa ya karatasi.

"Sasa mchezo upo," akasema Kinyozi. "Mpigie Mama Karata."

"Sitampigia yeye kwanza."

Akapiga namba anayoijua bila kuitazama. Iliita mpaka karibu ikate.

"Unasemaje?" ikasema sauti ya upande wa pili.

"Sikupigii kuomba radhi. Radhi nitaomba mpaka nizeeke. Nakupigia... nataka kukuua. Njoo ufe, mpenzi. Peupe. Au uishi, kama utaweza. Sijui. Safari hii mimi mwenyewe sijui."

Mkaguzi alikuwa amelala chini ya gari dogo jeupe, simu sikioni, mafuta yanadondoka karibu na shavu lake. Akajivuta, akatoka nje.

"Jumapili," akasema. "Kwa shangazi. Nataka kufia nyumbani."

*

Jumapili mchana, sebule ya shangazi ilikuwa imefagiliwa, mapazia yamefungwa pembeni, mwanga umejaa mezani. Mkaguzi alivaa gauni la maua madogo, nywele amezisuka upya. Mabango alivaa shati lisilo na doa hata moja, alionekana kama mtu aliyeazimwa. Kinyozi akakaa katikati yao kama hakimu. Shangazi alisema yeye yuko jikoni, hasikii kitu, na mlango akauacha wazi.

Mlinzi wa lango akatoka na shoka.

Pigo la kwanza lilimpata. "Deraya ipokee," Mkaguzi akasema upesi. Ngozi ikapasuka. Mabango akaufuta mchoro wa ngozi kwenye karatasi kwa kifutio, pole pole.

"Unaweza kurudi nyuma," akamwambia. "Hiyo ni kanuni, si huruma."

"Nasimama."

Akachoma kwa mkuki, akapata kidogo. Zamu ya mlinzi. Mabango akazishika dadu, na safari hii hakuwa na pa kuzificha. Akarusha. Dadu zikazunguka juu ya kitambaa cha meza, moja ikasimama kwenye sita, nyingine ikaegemea kisahani, ikawaza, ikalala.

Sita.

Kinyozi akavua kofia.

"Amekupata," akasema Mabango. Sauti ilimtoka kama mwiba. "Begani mpaka kifuani. Umekufa."

"Kweli?"

"Kweli."

"Huna la kuongeza?"

"Sina."

Mkaguzi akazitazama zile dadu, zilivyolala wazi mbele ya kila mtu. Akashusha pumzi ndefu. Alitegemea kuumia, lakini kilichomjia kilikuwa kama kuketi kwenye kiti ambacho hakitikisiki. Macho yalimlowa, akayafuta kwa kiganja.

"Haya. Nimekosea wapi?"

Zamani angejibiwa: hujakosea, kipenzi, una akili ya vita. Mabango akamtazama usoni.

"Ulikuwa mkaidi. Deraya imeshapasuka, ulitakiwa urudi nyuma. Ulisimama kwa kujiona."

"Kujiona! Mimi?"

"Wewe."

"Nilisimama kwa sababu kanuni yako ya kurudi nyuma ni mbovu! Nikigeuka napigwa mgongoni!"

"Hakuna aliyekwambia ugeuke. Rudi kinyumenyume!"

"Kinyumenyume na mkuki mrefu hivi? Umewahi kurudi kinyumenyume na ngazi, wewe?"

"Kila siku! Hiyo ndiyo kazi yangu!"

"Basi ndiyo maana unaangusha madebe! Andika: mwenye mkuki akirudi nyuma, anarusha dadu asijikwae."

"Siandiki upuuzi!"

"Leta kalamu!"

"Kalamu siitoi!"

Kinyozi akatorokea jikoni, kofia mkononi. "Shangazi, wanagombana vibaya. Tukawaamulie?"

"Ukiwaamulia, chai hunywi." Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, tabasamu limempanda mpaka masikioni. Miezi yote aliwasikia wakiitana asali na sukari, akawa hapati usingizi, maana watu wasiogombana kuna kitu wanafichana. Sasa akafuta mikono kwenye aproni, akachukua simu yake, akampigia kaka yake, baba yake Mkaguzi.

"Kaka? Salama. Tafuta suti yako."

"Suti? Kuna nini huko, mbona kelele?"

"Binti yako ameuawa, anagombana na aliyemuua."

"Unasemaje? Nani kamuua? Suti ya msiba?"

Sebuleni kitu kilianguka, kikafuatiwa na kicheko cha watu wawili kwa pamoja, halafu kelele zikarudi palepale zilipoishia.

"Ya harusi, wewe," akasema shangazi. "Ipige pasi."